Ukimya wa Simu za Mtaa wa Chini

Karakana ya Pampu,
Mtaa wa Chini.
Jumanne, 4 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Profesa,

Seva tuliyokodi mtandaoni kwa ajili ya kuuchunga mto imefutwa Jumapili asubuhi, pamoja na vipimo vyote vya misimu miwili ya mvua. Nimetanguliza hilo kwa sababu nakujua, barua zangu, hata nikizituma kwa simu kama hii, huwa unaishia kwenye salamu.

Haya, marahaba. Kifua kimepona? Wifi hajambo? Sisi wazima, ila mimi usingizi umenihama. Mama goti linamsumbua, ngazi hapandi tena, kwa hiyo bado analala chumba cha chini, ukuta kwa ukuta na mfereji.

Ujumbe wako ulinikuta nafungua pampu: “Dada, nimefanya usafi kwenye akaunti, kuna mashine ilikuwa imekaa bure, nimeifuta.” Nilikalia ndoo ya grisi bila kujua.

Imekaa bure! Uliona inatumia asilimia mbili tu ya nguvu zake ukaihukumu. Profesa, kilikuwa kiangazi, ulitaka ifanye kazi gani? Kihisi cha darajani kinatuma kina cha maji kila dakika, mashine inapokea, inakaa macho, na mto ukipanda inaliza simu za mtaa mzima. Wewe ungemfukuza mlinzi kwa kuwa hajakamata mwizi?

Akaunti iko kwa jina lako kwa sababu kadi yangu waliikataa. Mengine yote nilijifunza mwenyewe, mikono ina mafuta, hakuna aliyenishika mkono.

Jana mwenye duka la dawa kaniazima kadi yake, nimekodi mashine nyingine. Vipimo vinaingia, lakini haijui kitu. Maji yakipanda sentimita arobaini darajani, yatatufikia huku baada ya muda gani? Ile ya kwanza ilijua, ilishaona mafuriko kumi na moja. Hii ni mgeni mtaani. Nikikisia kina cha chini, italiza simu kila manyunyu na watu watazizima. Nikikisia cha juu, italia maji yakiwa vitandani.

Kinachonitisha zaidi ni ukimya. Huku wamezoea kwamba simu isipolia, mto umetulia. Nimepita mlango kwa mlango kuwaambia wasiuamini. Fundi cherehani akanicheka, “Kwani mto umeishiwa bando?” Mama naye ndiyo kabisa: “Simu yako haijalia, mwanangu, nihame niende wapi?” Na tangu asubuhi mawingu yamekalia vilima, hayaendi mbele wala hayarudi.

Wenye seva nimewauliza. Nakala ya kilichofutwa wanaitunza hadi Ijumaa, na anayeweza kuomba irudishwe ni mwenye akaunti peke yake. Ndiye wewe. Nakupigia, hupokei, unaniletea “pole dada” na kidole gumba. Pole yako nitaifunga wapi, pale darajani?

Msalimie sana wifi, na binti yenu mchokozi mpe busu langu. Mama anakuombea kila siku, hajui uliyofanya na sitamwambia. Mungu akulinde huko uliko na akufungulie njia.

Nakupenda, ndiyo maana sikuachi upumue. Kesho kabla ya saa kumi na mbili jioni nijibu moja kwa moja: umeomba nakala irudishwe, ndiyo au hapana? Kama ni hapana, sema hapana, nimbebe Mama mgongoni kabla ya giza, atake asitake.

Dada yako akupendaye hata leo,
Fundi