Jino Lililojifunika

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua. Sisi huku wazima, na binti yako Chiriku ni mzima kupita kiasi. Simu zangu unazikata, ndiyo maana nimerudi kwenye karatasi. Hii nayo unaweza kuichana, lakini lazima uifungue kwanza.

Nianze na lile lililotukosanisha. Ulipoiona picha ya Chiriku akicheka, na pengo kule nyuma upande wa chini, ulinipigia ukauliza ni kofi la nani lililomng'oa mwanao jino. Ukasema wifi yako hajazaa, mtoto wa mwenzie atamwoneaje huruma, na kwamba mwisho wa mwezi unakuja kumchukua. Wifi yako alikuwa anakunja nguo pembeni yangu, na simu yangu unaijua, inaropoka kuliko mwenyewe. Alisikia yote. Alimaliza kukunja nguo, akazikunjua, akazikunja upya.

Mimi fundi saa nikajitia udaktari. Nikabana kile kioo changu jichoni, nikamwambia mtoto apanue mdomo, nikatangaza kwamba jino limeng'oka lenyewe na bila shaka kalimeza. Chiriku akalia, akiuliza kama litaota tumboni. Wifi yako akaniambia nirudi kwenye saa zangu. Yeye ndiye anayempigisha mswaki, na jino hilo alikuwa akiliona likifupika kidogo kidogo, kama linarudi lilikotoka. Alidhani ndivyo meno ya utotoni yanavyofanya.

Asubuhi akampeleka kliniki ya meno, nami nikawafuata nyuma kama shahidi. Daktari, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kubembeleza, akabonyeza ufizi, akaagiza mtoto apigwe picha. Alipoiweka kwenye taa, jino lilikuwa humo humo, zima, limelala chini ya ufizi kama mtu aliyejifunika shuka gubigubi. Akatueleza kwamba jino la utotoni wakati mwingine hushikana na mfupa. Taya likikua, meno mengine hupanda nalo, jino hilo hubaki chini mpaka ufizi ukalifunika. Nikamuuliza, kwa niaba yako, kuhusu kofi. Akasema hili si la kofi, hata la bondia.

Mengine huachwa yakiangaliwa tu, lakini hili lilibidi litoke, maana lilikuwa limelizibia njia jino la ukubwani, na meno ya jirani yameanza kuliinamia. Akapigwa sindano ya ganzi, ufizi ukapasuliwa kidogo, likatolewa. Mkono uliofinywa muda wote huo ni wa wifi yako, na alama za kucha anazo. Sasa kidonda kimepona, na mtoto kawekewa kiwaya cha kushikilia nafasi isizibe. Tutakuwa tunarudi kuangaliwa. Kiwaya chenyewe kila mteja wangu ameshaonyeshwa, hata asiyeuliza.

Sasa neno lenyewe. Daktari alitaka kujua kama yupo mwingine katika ukoo mwenye pengo kama hilo, kwa sababu wakati mwingine hurithiwa. Nikajibu kwa kifua mbele kwamba hayupo. Wifi yako akasema taratibu, "Yupo. Wifi yangu. Upande huo huo. Huonekana akicheka sana."

Nikamuuliza amelijuaje, ikiwa mimi niliyelelewa nawe nyumba moja silijui.

"Zamani alikuwa anacheka na mimi."

Simama mbele ya kioo, upanue mdomo. Kisha uje mwisho wa mwezi kama ulivyosema, ila sanduku la kubebea nguo za mtoto liache huko.

Chiriku anakusalimu kwa kelele. Wifi yako naye anakusalimu. Sikumwomba, kasema mwenyewe.

Ni mimi kaka yako,
Fundi Saa, daktari wa meno mstaafu.