Kopo la Mkoba wa Mlangoni

Dada Nekesa,

Salamu nyingi kwako na wote wa Kitale. Haya, cheka: ule ufuta uliosagwa na karanga, ninaoukataa kila nikija kwako, huku Juba nimelamba hadi kijiko! Niliingia mtaa wa Gudele na begi mgongoni, njaa ikiniuma. Mama Keji, mwenyeji wangu, akafungua mkoba anaouweka mlangoni tayari kwa siku ya kukimbia risasi, akatoa kopo la ufuta huo.

"Hii ni chakula ya safari," akasema. "Kwa nyumba hata watoto hawagusi."

"Sasa mbona unanipa?"

"Wewe si uko safarini?"

Sijawahi kuonja kitu kitamu hivyo. Asubuhi nilimkuta akikaanga karanga za kulijaza kopo tena. Mwombee, dada, kopo hilo lifunguliwe kwa ajili ya wageni tu.

Nduguyo akupendaye,
Wafula