Mjane wa Mtu Aliye Hai

Singapuri, 3 Machi 1946

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila malaria hainiachi. Mguu wako unaendeleaje?

Hapa katika kambi ya mateka wa vita tumesikia redioni kwamba Taiwan sasa ni nchi huru, si ya Mjapani wala ya China. Wenzangu walilia. Meli itatuleta bandari yetu ya Takao mwezi wa sita.

Na mchumba wangu Giok-se? Ameshaolewa? Niambie ukweli.

Mwanao,
Khe-bun

Moa-tau, Taiwan, 29 Machi

Mwanangu,

Marahaba, kama kweli ni wewe. Mguu haujambo, moyo ndio uliotaka kusimama. Mwaka juzi jeshi lilituletea kisanduku cheupe, tukaambiwa ni majivu yako. Tuliandika jina lako kwenye kibao cha wafu, na kila siku tunakifukizia udi.

Giok-se alikataa wachumba wote. Alikuja na nguo nyekundu za harusi akaolewa na kibao chako, kama mila ya kuolewa na marehemu inavyotaka, shangazi yako amekishika mbele ya wageni. Serikali yetu mpya imeiandikisha ndoa hiyo. Ni mkeo, anaishi hapa, na ndiye anayeniandikia barua hii kwa furaha.

Mama yako

Singapuri, 2 Mei

Mama,

Shikamoo. Nilitumaini utaniambia ameolewa na mwingine. Nina mke hapa, Tomoe, muuguzi wa Kijapani aliyeniponya, na ni mjamzito. Wajapani hawaruhusiwi kushuka Takao, isipokuwa mke halali wa raia, na raia ana mke mmoja tu. Akirudishwa Japani hana ndugu hata mmoja. Mji wao uliteketea. Nifanyeje, Mama? Naogopa hata kumfikiria anayekusomea haya.

Khe-bun

Moa-tau, 20 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mimi nipo tu. Leo ananiandikia mwalimu, jirani yetu.

Giok-se aliisoma barua yako kwa sauti, hakuruka neno, kisha akanitengea uji wa viazi kama kawaida.

Jana nilitaka kukichoma kibao, maana mtu hai hafukiziwi udi. Aliniwahi akakichukua. Akasema, "Mama, mume wangu alikufa vitani. Huyo anayekuja ni mtoto wako. Mpokee pamoja na mkewe."

Leo asubuhi alikwenda kwa karani wa ndoa, akaapa kwamba wewe si mumewe, ndoa ikafutwa. Tomoe atashuka. Nitakuja bandarini kuwapokea.

Giok-se amerudi kwao na kibao chake kifuani. Nilimsihi abaki. Alinijibu taratibu kwamba hawezi kumwacha mumewe peke yake.

Mama yako