Moshi wa Nyumba ya Jillo

Garsen, Jumanne, Mei 1956. Manyunyu tangu alfajiri.

Komora, huna haya! Nakuandikia humu daftarini kwa sababu kwa mdomo nimekusema nikachoka na hasira bado ninayo. Mwanamume mzima, kifungua mimba wangu, mjumbe wa baraza, unabomoa nyumba ya marehemu ndugu yako huku mama yako yuko shambani anapalilia mpunga.

Nimerudi na jembe begani, palipokuwa na paa naona mawingu.

Niandike polepole. Kuandika nilijifunza uzeeni kwa watu wa misheni, na nikienda mbio herufi zinapandana.

Jillo, kitinda mimba wangu, alikufa kwa homa wakati wa mafuriko ya mwaka jana. Nyumba yake nikaitunza. Kila asubuhi niliingia nikawasha moto kwenye mafiga yake, moshi upande kwenye nyasi za paa, mchwa wasile. Nyumba isiyopata moshi haimalizi masika mawili, kila mtu wa mtoni anajua. Na mimi siwezi kusema nyumba ya mwanangu ni tupu.

Wiki jana akaja karani wa kuandika nyumba za kodi. Akauona moshi.

"Mama, humu anakaa mtu?"

"Ina mwenyewe."

"Yuko wapi?"

"Ametoka."

Akacheka. "Haya, akirudi mwambie nayo imeingia kitabuni."

Ningesema amekufa, karani angepita zake. Sikusema. Ni kiburi, au ulimi ulikataa, sijui.

Moshi wangu mwenyewe ndio uliomwita.

Na kodi yenyewe ni ya nini? Barazani nilisimama nikauliza, wanaume wamejikunyata. Nikasema kwanza nunueni mtumbwi mkubwa wa kupeleka wagonjwa hospitali, maana Jillo alingoja siku tatu ukingoni, hii yetu midogo haiuwezi mkondo wa mafuriko. Wakanijibu kwanza ijengwe ofisi ya baraza. Kisha nyumba zote zipande juu kando ya barabara, zikae mstari mmoja kama meno, eti kijiji kinakua.

"Mama, kaa chini," akasema mmoja wao.

Na wewe Komora ukanyoosha mkono pamoja nao. Nilikuona!

Leo unaniambia, "Mama, kodi ya nyumba tatu, yangu, yako na hii, siiwezi. Na hii iko nje ya mstari, ingevunjwa tu. Bora niivunje mimi kuliko askari." Nikainua mpini nikupige, nikashindwa. Ulikuwa unalia, unajifuta pua kwa kiganja cha kushoto, vilevile kama ulipokuwa mdogo.

Nimekaa mlangoni kwangu. Mafiga matatu yako pale, yamelowa. Majivu ya asubuhi yamekuwa uji. Nilidhani siku tuliyomzika nililia machozi yote.

Kumbe yalibaki.

Sasa sikia. Kesho kabla jua halijapanda niletee mzigo wa kuni kavu. Mlango wa Jillo uliouegemeza kwenye ghala lako, urudishe kwangu. Mafiga asiyaguse mtu, nitawasha moto palepale, na karani akipita aandike moshi usio na nyumba.

Ukimaliza, nenda barazani ukanyooshe mkono tena. Mara hii unyooshe kwa ajili ya mtumbwi, na usiushushe mpaka wakuitikie.