Chapa ya Baba Kwenye Diski ya Kabula

Magamba, Mpanda

Masanja mdogo wangu,

Wewe una miguu kweli? Nauliza kwa sababu mvua ya tatu hii inanyesha tangu tumzike mama huku Magamba, na hujaja hata kuona udongo wa kaburi lake. Zamani ulisema barabara mbovu. Sasa lami imefika kutoka Tabora mpaka Mpanda, watu wanapanda basi asubuhi wanashuka jua lingali juu, na wewe bado unasema tu unakuja. Mara pamba, mara harusi, mara goti. Goti hilohilo linalokuzuia kuja kwangu linakupeleka mnadani kila wiki. Nimeambiwa, usibishe.

Haya, mwangaluka. Umeamkaje, na hilo goti limeamkaje? Wifi yangu kile kifua kimepoa? Huko kwenu Maswa mvua imeshika au inawachezea? Sisi wazima. Mahindi yamefika kiunoni, ng'ombe wanapumua, na meno yangu yaliyobaki yanatosha kutafuna ugali na kukusema wewe. Anayeandika ni Kabula, mjukuu wako wa huku, yule mwenye stationari pale Kawajense, anayewachapia watu barua na kuwatolea kopi. Nimemwambia aandike nisemavyo, asinilainishie maneno.

Sasa kaa nikuambie kilichonipata, maana mpaka leo nimeduwaa.

Unajua mama alikuachia maneno. Ule mwezi wake wa mwisho kila siku alikuwa anauliza, "Masanja amefika?" Alipoona hufiki, akamwita Kabula aje na simu ya kurekodia. Mimi akanifukuza. Mimi niliyekuwa namwogesha! "Milembe, toka nje, haya si yako." Nikatoka nikakaa zizini mpaka aliponiita. Akamwapisha Kabula: maneno yasitumwe kwa simu, asiyasikie mtu mwingine, Masanja aje mwenyewe, akae kwenye kigoda cha mama, ndipo asikie. Mwaka jana Kabula aliponunua kompyuta mpya ya stationari akayahamishia humo, akasema humo ndimo salama. Kisha ile simu ikatumbukia kwenye ndoo ya maziwa ikafa. Kwa hiyo sauti ya mama ikabaki mahali pamoja tu duniani.

Basi, tulipomaliza kuvuna, kompyuta ikaanza kugonga ndani. Tak, tak, tak, kama kuku anadonoa bati. Siku ya tatu ikakataa kuwaka kabisa. Mimi nikaanza kulia. Kabula akasema, "Bibi, usilie, ina waranti." Waranti ni ahadi ya dukani: kitu kikiharibika kabla ya mwaka kwisha, wao wanashughulika nacho. Nikafuta machozi. Ahadi ni ahadi, nikasema.

Tukaibeba mpaka dukani mjini. Fundi wa pale, kijana aliyechonga ndevu kama uzio wa michongoma, akaifungua akatoa kipande cha chuma, bapa, ukubwa wa kitabu kidogo cha nyimbo za kanisani. Wanakiita diski. Ndimo kompyuta inamotunza kila kitu inachokumbuka. "Hiki ndicho kibovu," akasema. "Kinakwenda Dar. Kesho mkirudishe na risiti na boksi la kompyuta." Boksi! Masanja, boksi nilikuwa nimempa kuku wangu mwekundu, ameshaatamia mayai kumi na moja humo. Nikamhamisha akiwa ananidonoa mikono, nikalipangusa mavi, tukawa na boksi.

Sasa sikiliza nilichofanya usiku ule kabla diski haijaondoka. Hapana, Kabula, andika "jioni", kulikuwa bado hakujafunga giza. Nilikitazama kile kipande mezani nikajisemea, hiki kinakwenda mbali, kwa watu nisiowajua, kitachanganywa na vya watu mia. Baba alitufundishaje? Ng'ombe hatoki kwenda kulishwa kwa mtu mwingine bila chapa. Nikapuliza moto, nikaweka kile chuma kidogo cha kutilia ndama chapa ya baba, chenye umbo la upinde na kamba yake. Juu ya diski palikuwa na kikaratasi cheupe chenye vidudu vyeusi vidogo vidogo. Mimi sisomi, nikaona hapo ndipo pazuri, chapa itaonekana. Nikagusa kidogo tu, tss, kama unavyomgusa ndama mchanga. Nikakirudisha kwenye mfuko wake. Sikumwambia Kabula. Nani anatangaza kwamba ametia ng'ombe wake chapa?

Asubuhi dukani wakakipokea ndani ya mfuko, hawakukitoa, wakaandika kwenye daftari, kikaenda.

Tukasubiri. Wiki ya kwanza wakasema kiko njiani. Wiki ya pili kiko kwenye foleni. Ya tatu, mtandao uko chini. Kabula akipiga wanamwambia, "Piga Jumatatu." Jumatatu ikifika anayehusika hayupo. Mwezi ukapita, Kabula anawachapia watu kwa kompyuta ya kuazima, wateja wanamkimbia. Nikaona hapa hapana mtu mzima. Nikajifunga kanga, nikaenda mwenyewe, Kabula nyuma yangu.

"Mwanangu," nikamwambia yule mwenye ndevu, "hiyo diski mnaitibu au mmeioa?"

Akacheka. "Bibi, kule hawaitibu. Wakikubali madai yenu wanatuma mpya."

"Mpya yenye sauti ya mama yangu ndani?"

"Hapana. Mpya inakuja tupu."

"Na hii yetu?"

"Inabaki kwao, bibi. Hizo mbovu wanaziponda."

Masanja, nilikaa chini sakafuni palepale katikati ya nyaya. Wanaziponda! Mwezi mzima nawabembeleza watu wakubali upesi, kumbe nawabembeleza wamponde mama yetu. Nikamgeukia Kabula, na yeye mdomo wazi. Kumbe hayo yote yameandikwa nyuma ya kadi ya waranti, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Huyu mtoto amesoma mpaka kidato cha sita, akashindwa kugeuza kadi! Ananuna hapa ninaposema. Anune. Andika.

Nikamwambia kijana, "Kirudishe."

"Bibi, kikishaingia kwenye utaratibu hakitoki."

"Basi na mimi sitoki."

Kesho yake nikaja na kigoda na ungo wa maharage, nikakaa mlangoni mwa duka nachambua. Mteja akitaka kuingia ananiamkia kwanza, kisha ananiruka. Wengine wananiuliza, "Bibi, vipi tena?" Nawaeleza kuanzia kwako usiyekuja mpaka kwenye kuponda. Siku mbili hivyo. Kijana akawa anapiga simu Dar bila kuambiwa na mtu.

Siku ya tatu, Kabula akiwa amenifuata, mzigo ukashuka na basi. Kijana akafungua, akasoma karatasi, akanitazama mimi, akamtazama Kabula. Akasoma kwa sauti: "Madai yamekataliwa. Kifaa kimechomwa moto na mteja. Namba za utambulisho hazisomeki." Akaitoa diski. Upinde wa baba huo, mweusi, umekaa vizuri juu ya kikaratasi.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi," nikasema.

"Bibi! Umechoma namba! Kwa nini?"

"Wewe ukimpa mtu ng'ombe wako, unampa bila alama?"

Kabula akajifunika uso na mtandio, akawa analia. "Bibi, umeniulia waranti. Nilikuwa nipate mpya." Nikaona aibu, Masanja, sikufichi. Kompyuta ndiyo jembe lake, na mimi ndiye niliyelivunja. Nikatamani sakafu inimeze na maharage yangu.

Yule kijana akawa anaigeuza diski mkononi. Kisha akasema polepole, "Lakini bibi, kama usingeichoma wangeikubali. Wangekuwa wameshaiponda."

Hapo sikujua nipige vigelegele au nilie. Nilibaki nimeshika ungo tu.

Nisimnyime haki yake, kijana yule alikuwa na moyo. Akasema kwa kuwa waranti imeshakufa, hatapoteza kitu akijaribu mwenyewe. Akaiunganisha kwenye kompyuta yake. Tak, tak. Ikakataa. Akaiacha ipoe, akailaza ubavu, akajaribu tena. Ikakataa. Mara ya nne ikanyamaza, ikafunguka. "Haraka," akasema, "haitadumu." Kabula akamwonyesha penye maneno yako, wakayanakili. Kijana akabonyeza ahakikishe kama yanasikika.

Nikamsikia mama akikohoa. Kikohozi chake kile cha kuvuta, mchana kweupe, katikati ya duka la nyaya. Kisha akasema, "Masanja."

Nilipiga kelele, "Zima!" Kijana akaruka mpaka kiti kikaanguka. Akazima. Nimemsikia mama akikuita wewe, na mimi sikujibu, maana si mimi niliyeitwa.

Diski ikagonga mara mbili tatu, ikafa moja kwa moja. Nimeichukua, ni yetu, ina chapa. Maneno yako yako kwenye flashi mbili: moja ndani ya sanduku langu, imefungwa kwenye kitenge cha mama, nyingine anayo Kabula. Diski nyingine ya Kabula nitajua la kufanya. Nimeshamwonyesha ng'ombe mmoja mwenye pembe zilizolala, wa kuuza apate nyingine, anajua ni wake.

Alichokuambia mama sijui. Kabula anajua, na hasemi, na mimi siulizi. Kama ni kukukaripia, atakuwa ameniachia kazi kidogo. Kama ni mengine, hayo ni yenu. Lakini alisema jina lako kama anamwita mtu aliyesimama mlangoni. Hilo nimelisikia kwa masikio yangu.

Nisalimie wifi yangu, mke wako mvumilivu, mwambie namwonea huruma. Maduhu mwanao mkubwa mwambie shangazi yake anataka kumwona kabla hajaota mvi. Shangazi yetu Ngollo, kama bado anasikia, mpigie kelele za salamu zangu kwenye sikio la kulia. Na mtunza mbuzi wako asalimiwe, yeye angalau huwa anauliza habari zangu.

Ukifika, usinizungukie kwenye mahindi, usianze kuhesabu ng'ombe, wala usiniulize habari za njiani. Ingia ndani, kaa kwenye kigoda cha mama, umwambie Kabula awashe. Mimi nitatoka nikakae zizini. Ukishamaliza, uniite.

Dada yako anayekupenda na kukukasirikia,
Milembe