Betri Nyepesi za Babu

Quartzsite, 9 Januari

Mpendwa dada Maren,

Nina jambo sijamwambia mtu yeyote, na ndiyo maana barua hii nimeituma huko kazini kwako, kwenye duka la mikate, isipite nyumbani. Nadhani Babu anataka kuniondoa kwenye trela tunamoishi ili amweke mtu mwingine.

Lakini nianze vizuri. Hujambo? Mguu wa mama unaendeleaje tangu ateleze kwenye barafu? Sisi ni wazima. Asubuhi jangwa linauma kwa baridi, mchana tunavaa mikono mifupi.

Sasa sikiliza. Unamjua Babu na betri zake za asidi, zinazotupa umeme humu trelani. Kila mwezi anazifungua, anaziongezea maji, anazisugua kutu, anazisemesha kama ng'ombe. Mtu akimtajia betri za lithiamu, zisizotaka kutiwa maji, anasema hizo ni za watu wasiotaka kuchafua mikono. Juzi, tukinywa kahawa, akaniambia anazitoa zote na kuweka lithiamu. Hakueleza sababu. Tukaenda kwa fundi Delgado, na swali la kwanza la Babu halikuwa bei wala zinadumu kiasi gani. Aliuliza, "Moja ina uzito gani?" Fundi akaiinua kwa mkono mmoja, na Babu akatabasamu.

Kwa nini uzito? Tena ameacha yale madumu makubwa ya maji, amenunua madogo. Tena Bi Verna wa trela la jirani, yule mjane wa kutoka Idaho, anakuja kila nikienda mjini kufua nguo. Nikirudi nakuta vikombe viwili vimeoshwa. Naona anatengeneza trela limfae mtu asiye na nguvu. Mimi nguvu ninazo.

Nisalimie mama, lakini usimsomee.

Mdogo wako,
Annika


Duluth, 17 Januari

Mdogo wangu Annika,

Salamu nyingi. Mama anachechemea lakini mdomo wake mzima. Huku theluji imefika dirishani.

Nilicheka mpaka bosi akanikata jicho. Babu na mchumba! Halafu nikaacha kucheka. Unajua mama ameshapaka rangi kile chumba cha chini, akae Babu. Anasema huu ndio msimu wa mwisho wa Babu barabarani. Akipata tu sababu atakwenda kumchukua na kuliuza trela. Sasa mjane huyo akijipenyeza, Babu hatakuwa na trela wala amani.

Kwa hiyo chunguza. Anauliza nini, anagusa nini? Tangu utoto kipaji chako ni kujificha nyuma ya pazia. Kitumie.

Dada yako,
Maren


Quartzsite, 28 Januari

Dada,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Betri zimeshawekwa. Zile za zamani zilikaa nje, mbele ya trela. Hizi zimewekwa ndani, chini ya kitanda changu. Babu amekata droo yangu bila kuniuliza. Anasema zikipigwa na baridi ya kugandisha hazikubali chaji, ndiyo maana zinataka joto la ndani. Nilimuuliza fundi kisiri, akasema ni kweli. Hata chaja ya zamani imebidi ibadilishwe. Lakini bado najiuliza, kwa nini chini ya kitanda changu, si chake?

La ajabu zaidi, kazi yote alifanya Delgado. Babu, ambaye hajawahi kumwachia mtu spana yake, alisimama mkono mfukoni akitoa amri.

Jana nilikuwa nyuma ya pazia. Bi Verna alimwambia, "Lazima umwambie msichana." Babu akajibu, "Bado. Akijua yeye, mama yake atajua."

Sikulala vizuri. Nijibu haraka.

Annika, mdogo wako


Duluth, 5 Februari

Annika,

Habari za huko? Za huku si nzuri, na kosa ni langu. Yale maneno uliyoyasikia yalinitisha, nikamweleza mama kuhusu Bi Verna. Anakuja tarehe ishirini. Anasema kama ni mwanamke, hilo ni lao wenyewe wazee. Kama ni afya, Babu anarudi naye, hakuna mjadala.

Nisamehe.

Dada yako,
Maren


Quartzsite, 12 Februari

Mpendwa dada,

Sisi hatujambo, ingawa neno hilo limenipa kazi kuliandika.

Siku chache zilizopita mashine za kufulia mjini ziliharibika nikarudi mapema. Nikamkuta Bi Verna akihema, anapakia betri kuukuu kwenye pikapu zirudishwe dukani. Babu alishikilia mlango wa nyuma kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa unaning'inia tu.

Nikamuuliza, "Babu, mkono huo unainuka mpaka wapi?"

Bi Verna akaitua betri chini.

"Unafika kwenye kikombe cha kahawa," Babu akasema. "Huko juu sina shida nako."

Kisha akanieleza yote. Alianguka Novemba, kabla sijaja. Daktari wa mji wa Yuma alimwambia bega limechanika ndani na halitarudi kama zamani. Bi Verna alikuwa muuguzi; anakuja kumnyoosha mkono. Babu alifikiri kila kizito kikigeuka chepesi, hakuna atakayegundua. Akaniambia, "Mama yako ana chumba kizuri. Dirisha lake linatazama gari lake. Sitaki kufa nikilitazama gari la mama yako."

Nilimwomba Bi Verna msamaha kwa niliyomdhania. Akaniambia, "Nimtake huyu? Anakoroma mpaka kwangu nasikia."

Nilimwambia Babu jambo moja: usukani hashiki tena. Akatoa funguo mfukoni, akanipa. Sasa kila asubuhi ananifundisha kurudisha trela nyuma, ananitukana kwa upole. Kitanda alinieleza pia: cha kwake kina bomba la maji chini, hapakuwa na nafasi. Nilikuwa nimejiumiza bure.

Mama akija ataona Babu anainua betri mpya kwa mkono wa kushoto. Atamwona Bi Verna pia na atamshuku. Mwache amshuku. Bi Verna amekubali kudhaniwa mchumba. Anasema tangu mumewe afe hajasengenywa na mtu, na ameshanunua rangi ya midomo.

Kwa hiyo nakuomba, dada yangu, hili la bega libaki kati yetu. Mama akikubana, mwambie Babu ana mchumba.

Mdogo wako,
Annika