Jiko la Mama Zuhura

Jumatano, Mpapura.

Na mimi nitawaandikia nini? Jarida la idara yetu ya sayansi kimu limefika leo kutoka chuo kikuu, na nyuma kuna ukurasa wa habari za wahitimu. Agnesi yuko wizarani. Rehema amekwenda Ulaya kusoma zaidi. Sasa wanaomba na sisi wengine tupeleke habari zetu.

Yangu nilishaitunga kichwani: majiko ya udongo ya kupikia umesimama, kama tulivyofundishwa, kila nyumba ya kijiji chetu cha ujamaa. Sikutaka kusema kwamba wanawake wanaanika makopa ya muhogo juu yake, halafu wanapika chini, kwenye mafiga.

Jioni nikapita kwa Mama Zuhura. Jiko lake amelikata kwa jembe, limebaki usawa wa goti! Nilikasirika hata salamu nikasahau. Udongo ule niliukanda kwa mikono yangu.

"Nimelipunguza, Bibi Maendeleo," akasema, bila kuinuka kwenye kigoda chake. "Nilikuwa napika nimesimama nyumbani kwangu mwenyewe, kama mgeni ambaye hajakaribishwa."

Ndipo nikaona moto ndani ya jiko lile lile. Alikuwa anasonga ugali, moshi unatoka vizuri kwa tundu la nyuma, na macho yake hayakuwa mekundu. Akanisogezea kigoda kingine. Nikakaa.

Agnesi atacheka, najua. Na acheke. Kesho nitawaandikia hivi: Mpapura jiko moja linawaka. Mengine nakwenda kuyakata.